Simile, Simile: Skuta ya Umeme Imeingia Mitaani

Hapana chombo kipya kilichopata kuingia visiwani mwetu kisipitie kwanza bandarini, na hapana kilichofika mtaani kabla hakijazungumzwa barazani. Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli, ndivyo ilivyokuwa kwa vespa, na ndivyo ilivyokuwa kwa bajaji. Sasa zamu imefika ya chombo ambacho hata jina moja hakijapata. Wengine hukiita skuta ya umeme, watoto hukiita kibao, na wazee wa baraza moja ya Mwembetanga wamekubaliana kukiita mkongojo unaokimbia.

Jina hilo la mwisho halikosi maana. Skuta tunayoizungumzia si ile ya kukalia ambayo watu wa Unguja wameizoea tangu zama za baba zetu. Hii ni ubao mwembamba usiozidi upana wa nyayo mbili, uliowekwa juu ya magurudumu mawili madogo, na mbele yake umesimama mpini mrefu mfano wa mkongojo. Betri imefichwa chini ya ubao, mota imo ndani ya gurudumu, na mpandaji hakai bali husimama kama nahodha kwenye tezi. Uzito wake ni kilo 12 au 15 hivi, hata mtu mzima aweza kuikunja na kuibeba kama mzigo wa sokoni. Nyingi hukimbia hadi kilomita 25 kwa saa.

Wako watakaosema kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Sisi hatudhani hivyo. Barabara na vichochoro ni mali pekee ambayo tajiri na maskini wa visiwa hivi wanaitumia kwa kiwango kimoja, na kila anapoingia mgeni katika mali hiyo hapana budi mtu fulani asogee. Swali la nani asogee, na kwa adabu gani, si swali dogo. Likiachwa bila ya kujibiwa na wahusika, hujibiwa na mwenye kasi kubwa.

Jirani yetu mmoja wa Jang'ombe ni muuguzi katika hospitali ya mjini. Zamu zake hazifuati jua. Mara huingia kazini saa moja ya usiku, mara hutoka alfajiri wakati daladala bado hazijajaza, na kwa muda wa miaka mingi ameikata njia yake ya kilomita tatu kwa miguu. Kaka yake anayefanya kazi Dubai alimletea skuta mwaka jana. Tangu hapo safari iliyokuwa ikimchukua zaidi ya nusu saa haifiki robo saa, na anasema kwamba anafika kwa wagonjwa wake akiwa na miguu ya kusimamia. Tulipomwomba atuazime chombo chake ili tujifunze kabla ya kukiandika, alikubali kwa sharti moja, kwamba mwalimu awe mwanawe wa kidato cha pili, maana yeye mwenyewe hana subira.

Tulipewa ruhusa ya kutumia ua wa skuli siku za Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, wakati mitaa bado imelala. Ua huo umesakafiwa. Jambo hili tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu mwenye kutaka kujifunza kwenye mchanga atajikuta ameshuka kabla hajapanda. Gurudumu la baiskeli ya kawaida lina kipenyo cha sentimita 66 hivi, na likikutana na shimo hulivuka. Gurudumu la skuta hii ni sentimita 20 na ushei, na shimo lile lile kwake huwa ni kisima.

Somo la kwanza lilikuwa la kuondoka. Skuta nyingi za namna hii hazikubali kwenda kwa umeme zikiwa zimesimama. Mwanafunzi huweka mguu mmoja ubaoni, akaisukuma ardhi kwa mguu wa pili mara mbili tatu kama mtoto anayecheza, na mwendo ukishafika ule wa mtu anayetembea ndipo hubonyeza kitufe kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na mota ikaitika. Huitika kimya. Hapo ndipo mwili hustuka, kwa sababu tumezoea kwamba kila kinachotuchukua huguruma kwanza. Chombo kinakwenda, na masikio hayana habari.

"Usitazame gurudumu, ami," alituambia mwalimu wetu, "tazama pale unapokwenda."

Shauri hilo ni kongwe kama baiskeli, lakini kwenye skuta lina uzito zaidi. Macho yakishuka, kifua hushuka nayo, na kifua kikishuka mwili mzima huegemea mbele ya gurudumu dogo ambalo kazi yake ya kwanza ni kugeuka. Magoti yalegezwe kidogo. Mguu mmoja utangulie na mwingine ufuate, si kusimama sambamba kama askari kwenye gwaride. Na wakati wa kushika breki mwili urudi nyuma, kwa sababu mpandaji amesimama juu sana kuliko chombo chenyewe, na breki ikimkamata ghafla chombo husimama yeye akaendelea.

Jumapili ya kwanza tulizunguka ua mara nne tu, tukatosheka. Jumapili ya pili tulijifunza kona, na hapo tukagundua jambo ambalo watunga kanuni wengi hawalijui kwa kuwa hawajapata kusimama juu ya kibao hiki. Mpanda baiskeli aweza kuunyoosha mkono wake kuonyesha kwamba anaingia kulia, na baiskeli isimjali. Mpanda skuta akiondoa mkono mmoja kwenye mpini, gurudumu la mbele huanza kutikisika, na huenda likamwangusha mbele ya gari aliyotaka kuipa ishara. Kijana wetu alituonyesha akiwa katikati ya ua, pasipo na gari wala mtu, na hata yeye mwenye miaka kumi na mitano na uwiano wa paka hakulimaliza jambo hilo kwa heshima. Kwa hiyo ofisa yeyote atakayeandika kwamba skuta zote zitoe ishara ya mkono kwenye kipilefti atakuwa ameandika kanuni ya kuvunja mifupa. Taa za ishara zilizofungwa kwenye mpini ndizo zinazohitajika, na skuta nyingi mpya zinakuja nazo.

Jambo la pili ni la mavazi, na hili pia halimo katika vitabu vinavyokuja na chombo, kwa sababu vimeandikwa na watu wavaao suruali. Gurudumu la nyuma li karibu na kisigino cha mpandaji. Pindo la kanzu, au buibui, au mtandio unaopepea, huinama kwenye gurudumu hilo bila ya mwenyewe kujua. Muuguzi wetu amelitatua kwa kulikusanya buibui lake na kulifunga kwa mkanda kabla ya kupanda, na amekwishawafundisha wenzake wawili kazini. Sisi tulipanda na kanzu siku moja tu. Baada ya hapo tukafuata mfano wake.

Jumapili ya tatu ndipo tulipotoka mtaani, kwa mwendo wa pole, kijana akitembea ubavuni. Na hapo somo lilibadilika kabisa. Uani palikuwa na sakafu; mtaani pana matuta, mchanga uliomwagika kutoka kwenye rikwama, mifuniko ya mitaro isiyolingana na lami, maji ya kufulia, kuku, na watoto waliotaka kujua kama wataruhusiwa kupanda wawili wawili. Jibu la kijana lilikuwa hapana, na tunamuunga mkono; ubao umetengenezwa kwa mtu mmoja, na breki zake pia.

Katika kichochoro kimoja kuelekea Kikwajuni alikuwako bibi anayerudi dukani na mfuko wa mchele kichwani. Alikuwa mbele yetu, ametupa mgongo, na hakutusikia. Tulikwenda kwa mwendo usiozidi wa mtu anayetembea, kwa hiyo tulisimama hatua mbili nyuma yake bila ya taabu yoyote, tukatoa salamu. Aligeuka, akakitazama chombo toka juu hadi chini, akatutazama sisi na mvi zetu, akasema, "Mwanangu, huu ni mwendo gani wa kinyemela?"

Hatukuwa na jibu, na tangu siku hiyo neno lake halijatutoka. Gari huonya kwa mngurumo wake. Vespa husikika mitaa miwili kabla haijafika. Hata punda ana kwato. Wachukuzi wa zamani wa Mji Mkongwe waliopita kwenye vichochoro wakiwa na magunia migongoni walikuwa wakiita "simile, simile", na watu wakajibanza ukutani kwa heshima ya mzigo. Neno hilo ndilo lililofanya vichochoro vya upana wa mikono miwili vipitike na watu, mizigo na wanyama kwa mamia ya miaka. Skuta ya umeme imekuja na mwendo wa chombo na ukimya wa paka, bila ya simile yake. Kwa kipofu anayepita kwa fimbo, kwa mzee ambaye sikio lake limechoka, kwa mtoto anayetoka mbio mlangoni, ukimya huo ndio hatari yenyewe.

Hesabu nayo isaidie. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kila sekunde. Mtu aliyestuka huhitaji kama sekunde moja kabla mkono wake haujaikamata breki, na katika sekunde hiyo chombo kimekwishakula mita 7, ambazo katika Mji Mkongwe ni umbali wa milango miwili. Kwa mwendo wa kilomita 15 ni mita 4 na kidogo. Na nguvu ya pigo haipungui kwa kiasi hicho hicho. Kutoka 25 hadi 15, nguvu hiyo hushuka hadi karibu theluthi moja. Tofauti kati ya jeraha na mazishi yaweza kuwa ndani ya hesabu hiyo.

Msomaji asidhani kwamba dunia nzima inakiona chombo hiki kwa mara ya kwanza. Huko New York, kuanzia mwaka 1915, kulikuwa na kibao cha magurudumu mawili kilichoitwa Autoped. Kiliendeshwa kwa petroli; mpandaji aliusukuma mpini mbele ili kiondoke, na akauvuta nyuma ili kisimame. Iko picha mashuhuri ya mwaka 1916 inayomwonyesha Lady Florence Norman akiwa amesimama juu ya kimoja mjini London, akielekea kazini. Kiwanda kile hakikudumu. Kilichokirudisha chombo hiki duniani ni betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na ambayo wavumbuzi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Mwaka 2017 skuta za kukodi zilimwagwa katika mitaa ya Santa Monica, Marekani, na kutoka hapo zikaenea katika miji mingi kabla hata wakuu wa miji hiyo hawajaulizwa.

Umeme wenyewe si mgeni kwetu. Beit-el-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na ilikuwa na taa za umeme wakati miji mingi mikubwa ya bara hili ilikuwa gizani. Lakini pia tumeonja kukosa umeme. Kebo ya chini ya bahari iliyowekwa mwaka 1980 ilipoharibika mwezi wa Mei 2008, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi; ilipoharibika tena Desemba 2009, giza likadumu hadi Machi 2010. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na kebo mpya ya Unguja yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Mwenye kumbukumbu hizo ana haki ya kuuliza kama skuta hizi hazitatumaliza umeme.

Tumepiga hesabu, na jibu ni kwamba hofu hiyo haina msingi. Betri ya skuta ndogo hubeba kiasi cha uniti moja iliyogawanywa kwa nne au kwa tatu, na kwa kiasi hicho mpandaji huenda kilomita 20 hivi. Chaja yake huvuta wati 70 au karibu na hapo, ambazo si zaidi ya zinazovutwa na pangaboi moja. Skuta elfu moja zikichajiwa kwa wakati mmoja ni kilowati 70, yaani chini ya sehemu moja katika elfu ya uwezo wa kebo ile. Muuguzi wetu anasema kwamba hajaona tofauti katika umeme anaonunua kila mwezi. Katika visiwa ambako kila lita ya petroli huja kwa meli, hili ni jambo la kufurahia, na Serikali inafanya vyema kuliangalia kwa jicho la wema. Kigali imekuwa na pikipiki za umeme za abiria tangu mwaka 2019, ambazo dereva hasubiri kuchaji bali hubadilishiwa betri kituoni, na hatuoni kwa nini jambo la namna hiyo lisifikiriwe hapa.

Basi kinachotutia hofu ni moto.

Betri ya lithiamu ni mkusanyiko wa seli nyingi ndogo zilizopangwa bega kwa bega. Seli moja ikiharibika, iwe kwa kuangushwa, kwa kuingiwa na maji ya chumvi, kwa kuchajiwa na chaja isiyo yake au kwa kufunguliwa na fundi asiye na ujuzi, huweza kupata joto lisilozuilika. Joto lake likaiamsha jirani yake, na ile ya pili ikaiamsha ya tatu. Moto wake haungoji. Huja kwa mlipuko na moshi wa sumu, na ukidhaniwa umezimika huweza kuwaka tena. Mjini New York peke yake, katika mwaka 2023, mioto 268 ilitokana na betri za aina hii, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme, na watu 18 walikufa. Huo ni mji wenye ngazi za dharura, mabomba ya zimamoto kila pembe ya mtaa, na barabara ambazo gari kubwa hupita bila ya shida.

Sasa tuutazame Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini dari na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizokauka kwa miaka mia na zaidi. Nyumba zake zimeegemeana. Nyumba moja hukaliwa na familia nne tano, na zote hutokea kwenye ngazi moja na mlango mmoja. Vichochoro vyake ni vile ambavyo gari la zimamoto halipiti. Na mtu mwenye skuta huiweka wapi anaporudi nyumbani usiku? Huiweka ukumbini, nyuma ya mlango, chini ya ngazi, mahali penye plagi; kisha akalala. Yaani ameuweka moto unaoweza kutokea katika njia pekee ya kutokea. Hatusemi hivi kwa kuwatisha watu. Twasema kwa sababu mwenye chombo akishalijua hili, dawa yake ni nyepesi: achaji mchana akiwa macho, mbali na mlango na ngazi, kwa chaja iliyokuja na chombo, na betri iliyovimba au iliyozama majini asiichaji tena kabisa. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kingetufaa sana kikiyapeleka maneno haya barazani kupitia kwa masheha, kwa lugha ya watu, kabla ya msimu wa mvua.

Na bandarini je? Singapore, ambayo ni kisiwa kama sisi, kuanzia Julai 2020 hairuhusu skuta yoyote isiyofuzu kipimo cha usalama wa moto kiitwacho UL2272. Sisi hatuna haja ya kubuni kipimo chetu. Ofisa wa forodha anayeangalia alama moja kwenye sanduku huenda akaokoa mtaa mzima.

Singapore ina mengine ya kutufunza. Huko skuta ziliachwa zipite kwenye njia za waendao kwa miguu. Mwendo ulipunguzwa hadi kilomita 10 kwa saa mapema mwaka 2019, lakini malalamiko hayakupungua. Septemba ya mwaka huo mwanamke mmoja mzee aliyekuwa juu ya baiskeli aligongana na mpanda skuta, akafariki siku chache baadaye. Kuanzia tarehe 5 Novemba 2019 skuta zikapigwa marufuku katika njia zote za miguu, na kuanzia Januari 2020 mvunja amri aliweza kutozwa faini ya hadi dola 2,000 za nchi hiyo au kufungwa miezi mitatu. Wachukuzi wa vyakula waliokuwa wakiishi kwa skuta walijikuta hawana njia ya kupita, wakakusanyika kulalamika, na Serikali ikalazimika kutenga dola milioni 7 za kuwasaidia kubadilisha vyombo vyao.

Malta, kisiwa kingine chenye mitaa myembamba na watalii wengi, iliondoa skuta za kukodi kuanzia Machi 2024, baada ya miaka ya kuzikuta zimelazwa kila mahali. Paris iliwauliza wananchi wake tarehe 2 Aprili 2023. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8, lakini asilimia 89 kati yao walizikataa skuta za kukodi, na hadi mwisho wa Agosti zote zilikuwa zimeondoka. Pazingatiwe kwamba Malta na Paris hazikumnyang'anya mwenyeji skuta yake. Zilichokataa ni biashara ya kumwaga vyombo njiani na kumwachia mtu asiye na mazoezi wala makao.

Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka wahusika waishike. Muuguzi anayejua kila shimo la njia yake, aliyejifunza kwa wiki kadhaa na anayejua kwamba kesho atakutana na yule aliyempita leo, si sawa na mgeni wa siku tatu aliyekodishiwa kibao Forodhani saa moja ya usiku, kati ya meza za urojo na watoto wanaokimbizana. Tukiwatia wote katika amri moja, tutamwonea wa kwanza au tutamwachia wa pili. Wakija wafanyabiashara kuomba kibali cha kukodisha, na hapana shaka watakuja, Baraza la Manispaa liwaulize kwanza wataziegesha wapi, nani atawafundisha wateja, na nani atalipa ikiwa bibi wa Kikwajuni atavunjwa mguu. Wasiokuwa na jibu wangoje.

Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe mwendo uwe ule wa mtu anayetembea, na pale penye watu wengi mpandaji ashuke aikokote. Hili Mamlaka ya Mji Mkongwe yaweza kuliamua bila ya kungoja mtu. Katika mitaa ya Ng'ambo kilomita 15 zatosha. Barabara kubwa ni suala gumu zaidi, na hatutaki kujifanya kwamba tuna jibu jepesi. Kumpeleka mpanda skuta kati ya daladala ni kumtoa mhanga, na kumpandisha kwenye njia ya miguu ni kuuhamishia mhanga kwa mwingine. Pale barabara mpya zinapojengwa au za zamani zinapopanuliwa, mstari mmoja wa lami kwa ajili ya baiskeli na skuta, uliotengwa kwa ukingo wa saruji na si kwa rangi tu, ungewafaa watu wengi zaidi ya hawa tunaowazungumza. Wapanda baiskeli wa visiwa hivi wamengoja mstari huo muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Na kila skuta iwe na kengele. Si kipaza sauti kinacholia kama king'ora, bali kengele ya kawaida ya baiskeli, ipigwe mapema na kwa adabu. Muuguzi wetu amefunga moja aliyoinunua Darajani. Kijana wake anaona haya nayo, hasemi kengele, anasema kwa mdomo. Tumemsikia akipita kwa mwendo wa pole katika kichochoro chetu, akiita "simile, simile" kwa sauti ya utani, na wazee wa baraza wakimwitikia huku wakivuta miguu yao.

Limebaki moja ambalo hatujaliona likizungumzwa na mtu yeyote. Betri hizi huchoka baada ya kuchajiwa mara mia tatu hadi mia tano, kwa hiyo za mwanzo zilizoingia hapa zimekwishaanza kufa. Kinachoingia kisiwani kwa meli hubaki kisiwani, isipokuwa kimetafutiwa meli ya kukirudisha. Betri ya lithiamu ikitupwa jaani huwaka ndani ya takataka, na ikivunjwa na watoto kwa ajili ya shaba yake huwaunguza. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anazo nne chini ya meza yake, mbili kati yake zimevimba, amezitenga ndani ya ndoo ya mchanga, na ametuomba tuulize kupitia ukurasa huu azipeleke wapi.